Jiwe Lililolia Vizuri Juani

Mchagua jiwe kiangazi hulijua masika.

Mmeisikia methali hii asubuhi ya leo. Mama yenu mkubwa alisimama mbele ya yale mawe ya rangi ya mchanga, ambayo muuzaji aliyapanga juani ili yabandikwe kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yenu mpya. Akayatazama, akayapapasa, akasema maneno hayo matano, kisha akaondoka zake bila kununua hata moja. Nyinyi mkacheka. Mmoja wenu akajifanya mjuzi, akasema maana yake ni kwamba mawe ni mabovu. Sivyo hata kidogo. Na kwa kuwa mmeniuliza wenyewe imetoka wapi, kaeni chini niwaeleze, lakini msinikatize kila dakika. Mwanzo wa methali hii ni huu.

Ulikuwapo mji wa pwani ukiitwa Mtondooni. Watu wake walijenga kwa mawe ya chokaa waliyoyachimba wenyewe, na fahari yao ilikuwa uso wa nyumba. Ndani mtu aliweza kuwa na mkeka mmoja na chungu kimoja, lakini ukuta wa mbele, ngazi, kizingiti na baraza vilifunikwa kwa mawe yaliyochongwa sawasawa, ya rangi tulivu kama mchanga mkavu, na kila mpita njia aliyatazama akajua nani anakaa humo.

Waashi wa mji huo walikuwa na desturi moja. Jiwe la ndani ya ukuta waliliweka siku yoyote. Jiwe la usoni hawakulijenga kabla halijalala masika. Lilichongwa, likapelekwa kwenye uwanja wa mawe nyuma ya msikiti, likalazwa wazi pasipo kifuniko, likanyeshewa tangu mvua ya kwanza hadi ya mwisho. Mvua zikikatika, waashi walikwenda na nyundo na misumari yao. Jiwe lililomenyeka lilitupwa. Lililotoa unga lilipelekwa tanurini likachomwe chokaa. Lililobaki na kingo zake ndilo lililoitwa jiwe lililolala, na hilo ndilo lililopewa nyumba.

Aliyeisimamia desturi hiyo kwa ukali kuliko wote alikuwa Fundi Mwinyikai. Aliwahi kumbomolesha mwashi mwenzake ngazi nzima mbele ya wageni wa hitima, kwa kuwa jiwe moja tu la ngazi hiyo halikulala. Watu walimwogopa kwa hilo, na walimheshimu kwa jambo jingine: sikio lake. Fundi Mwinyikai aligonga jiwe kwa nyundo ndogo, akainamisha kichwa, akakwambia ufa uko wapi kabla hujauona. Waashi walitoka miji mingine kuja kumgongesha mawe yao. Naye, Mungu amrehemu, alilipenda sikio lake hilo kupita kiasi.

Mke wake alikuwa amefariki zamani, akamwachia binti mmoja, Mwanashehe. Nanyi mjue kwamba Mtondooni baba humpa binti yake nyumba. Mume ndiye anayehamia. Wakigombana, mume ndiye anayebeba sanduku lake na kutoka, mke anabaki chini ya dari yake. Msichana asiye na nyumba aliolewa kwa watu, akala kwa watu, na siku akifukuzwa alifukuzwa kweli. Kwa hiyo Fundi Mwinyikai, aliyewajengea mabinti wa mji mzima, alikuwa na deni moja tu moyoni, nalo ni nyumba ya Mwanashehe. Kuta zilikuwa zimesimama tangu miaka miwili. Uso ndio uliokuwa bado, kwa sababu kila mara mawe yake yaliyolala yalipotoka uwanjani, ama msikiti uliyahitaji, ama kisima cha mji, naye hakujua kusema hapana.

Kisha kikaja kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha vumbi la mawe, kikavu, cha alfajiri, na waashi wote walikijua kwa sababu kilikuwa kimewazika baba zao. Fundi alikohoa, akatema mate kwenye kiganja, akayatazama, akafuta kiganja kwenye shuka. Tangu siku hiyo hakutulia. Kahawa aliimimina akaiacha ipoe. Alianza kuchonga jiwe moja, akaliacha, akashika jingine. Alikwenda kwenye ile nyumba isiyo na uso mara tatu kwa siku, akaizunguka, akarudi. Mwanashehe akimwuliza, "Baba, umesahau nini?" alijibu, "Sikusahau kitu," na kabla jua halijageuka alikuwa kule tena.

Katikati ya kiangazi hicho wakaja wachumba. Mzee mmoja alifika kutoka Bandarini, mji wa jirani, pamoja na mpwa wake Hilali, kijana muuza vitambaa, mzuri wa sura na mzuri zaidi wa maneno. Wakakaribishwa barazani. Hilali alisifu kahawa, akasifu kazi za mkono wa Fundi, akamsaidia mzee mmoja kuvaa kiatu. Fundi alimwuliza maswali kama baba yeyote. Unasali? Nasali. Una kazi? Ninayo, na mjomba huyu ndiye shahidi. Utamtunza? Kama mboni ya jicho langu. Kila alipoulizwa, jibu lilitoka safi, bila kukwaruza popote.

"Ila liko jambo moja, Fundi," mjomba akasema. "Ramadhani hii inakaribia, na mara tu baada yake ni masika. Mvua zikiisha mimi nasafiri, na kurudi kwangu anajua Mungu. Ama harusi iwe Shaabani hii, ama tungoje mwaka mzima."

Mwaka mzima! Neno hilo lilimwingia Fundi Mwinyikai kifuani mahali palepale palipokuwa na kikohozi. Alijiona ameshazikwa, na binti yake amesimama mbele ya kuta zisizo na uso, bila baba wala mume. Akasema, "Shaabani," haraka sana, kama mtu anayedaka kitu kinachoanguka. Mwanashehe alisikia akiwa nyuma ya mlango. Hakuulizwa kitu.

Sasa mawe. Uwanja wa mawe ulikuwa mtupu, maana yaliyolala masika iliyopita yalikuwa yamejengewa ngazi za msikiti. Palikuwa na mashimo mawili ya kuchimbia. La Mlimani lilitoa jiwe gumu, lenye vitundu na vipande vya kombe ndani yake, rangi yake si safi sana, na kulichonga moja kulimaliza siku na tindo. La Bondeni lilitoa jiwe laini, sawa toka ukingo hadi ukingo, la rangi nzuri ajabu, kama chai iliyozidi maziwa. Lilikatika kama boga. Kwa mawe ya Bondeni, nyumba nzima ilivishwa uso kwa wiki tatu. Kwa ya Mlimani, Shaabani ingepita akiwa bado kwenye kizingiti.

Fundi alikwenda Bondeni. Alichimba, akachonga, akagonga. Kila jiwe alilogonga lililia vizuri, sauti nyembamba, ndefu, isiyokatika. Aligonga hamsini, yakalia hamsini. Akatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu kikohozi kianze. Akajiambia kwamba desturi ya kulaza mawe iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na sikio.

Alipokuwa akiyapakia kwenye mkokoteni wa punda alitokea Bi Mize. Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima, mchoma chokaa, mikono yake myeupe hadi kwenye viwiko, na ulimi wake haukuwa na breki. Aliyatazama mawe, akamtazama Fundi.

"Fundi, hayo unayapeleka wapi?"

"Yanakwenda kwa Mwanashehe."

"Kwani Mwanashehe amejenga tanuri?"

Fundi alikunja uso. "Bi Mize, sina nafasi ya utani leo."

"Wala mimi sitanii. Jiwe la Bondeni mimi hulichukua kwa sababu moja, linakubali moto upesi. Linalokubali moto upesi hukubali na maji upesi. Lilaze masika hii, mwanangu. Lilaze kama ulivyotufundisha wewe mwenyewe."

"Sikiliza basi." Fundi alichukua nyundo ndogo, akagonga. Jiwe likalia.

"Limelia," Bi Mize akasema. "Kiangazi kila jiwe hulia, Mwinyikai. Hata kigae cha chungu changu kilichovunjika, kikaushe juani ukigonge, kitakulilia."

"Wewe kazi yako kuchoma. Mimi yangu kujenga."

"Haya," akasema Bi Mize, akijifunga upya kanga yake. "Mwenye kazi ni wewe. Mimi tanuri langu lipo, linangoja, na wala sidhani litangoja sana."

Fundi alimpiga punda kiboko asichostahili punda yule, akaenda zake. Njia nzima alikuwa akibishana na Bi Mize kichwani, akimshinda kila mara, na kila alipomshinda alianza upya.

Waashi wenzake waliona mawe yakipita. Walijua hayakulala. Lakini nani angemwambia? Yule aliyewabomolesha ngazi zao ndiye aliyekuwa mbele ya mkokoteni. Walitazamana tu. Mganga hajigangi, na pengine baadhi yao waliona afadhali kunyamaza, maana binadamu hatukosi kijicho.

Uso ukapanda. Ulikuwa mzuri, msidhani ulikuwa mbaya. Siku ya harusi watu walisimama njiani, jua likipiga ukuta ule mpaka ukaonekana laini kama uso wa mtoto aliyetoka kuoga. Walisema Mtondooni haijapata nyumba kama hiyo. Hilali alihamia na sanduku lake, akapapasa kizingiti, akasema, "Baba, hapa nitafia." Fundi alicheka, akakohoa, akacheka tena. Usiku wa harusi hiyo alilala.

Ramadhani ikapita, watu wakala Idi, na siku ya nne ya Idi mvua ikafika.

Wiki ya kwanza mawe yalibadilika rangi tu, yakawa ya kahawia kama mkate ulioungua. Fundi alijiambia yatakauka. Lakini hakukaa. Kila asubuhi alifika akiwa amejifunika gunia, akiweka kiganja ukutani. Wiki ya pili kiganja kilitoka na unga. Aliupangusa haraka kabla binti yake hajauona, na Mwanashehe alikuwa ameuona siku tatu kabla yake. Wiki ya tatu kingo za ngazi zilikuwa zimeliwa, na pale watu walipokanyaga pakawa na mashimo yenye maji meupe. Akagonga jiwe la baraza kwa nyundo yake. Halikulia. Lilitoa sauti ya mtu anayepigwa ngumi ya mgongo. Akagonga la pili, la tatu, akagonga ukuta mzima akikimbia kutoka pembe hadi pembe, mvua ikimwingia shingoni. Hakuna lililolia.

Alirudi kwake akakaa kitandani na nguo mbichi. Tangu siku hiyo hakwenda kule tena, wala hakumwambia mtu. Aliona aibu, na aibu ya fundi hodari ni kubwa kuliko ya fundi mbovu, kwa sababu yule mbovu ameizoea.

Wiki ya nne maji yalipita nyuma ya mawe, yakaingia ukutani. Siku ya Jumanne, baada ya adhuhuri, kipande kilichokuwa juu ya mlango kilibanduka, kikaanguka kizingitini kwa kishindo. Mwanashehe alikuwa ametoka kupita hapo na ndoo, hatua mbili tu. Majirani walipiga kelele, mmoja akakimbia kumwita Fundi.

Alipofika, amebeba nguzo mbili begani za kuegemeza ukuta, alimkuta binti yake amepanga mabeseni na vyungu sebuleni, maji yakidondoka kila mahali. Sanduku la Hilali halikuwepo.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kwa mama yake, Bandarini."

"Tangu leo?"

"Tangu Ijumaa, baba. Alisema kifua chake hakiwezi unyevu. Alisema atarudi mvua zikikatika."

"Akakuacha peke yako humu?"

"Aliniachia mwavuli," Mwanashehe akasema.

Fundi aliziweka nguzo chini. Alitafuta pa kukaa, hapakuwa na pakavu. Hasira ilimpanda, na kwa kuwa Hilali hakuwepo, alitoka mlangoni akalipiga teke lile jiwe lililoanguka. Likavunjika vipande viwili, laini, kama muhogo uliochemka.

"Jiwe shenzi!" akapiga kelele. "Jiwe lisilo na haya! Limenidanganya!"

"Baba, acha. Usilipige jiwe."

"Limeninyima uso mbele ya mji mzima!"

"Lilikudanganya lini? Uliligonga?"

"Nililigonga."

"Siku gani?"

Fundi aliviinamia vile vipande viwili.

"Siku ya jua," Mwanashehe akasema. "Na Hilali je? Ulimwuliza nini? Nilikuwa nyuma ya mlango, nilisikia yote. Ulimgonga mara tatu, saa nne asubuhi, kahawa mkononi, naye akalia vizuri. Ni mtu gani ungemwuliza siku kama ile asilie vizuri? Mimi sikulia, baba, kwa sababu mimi hukunigonga kabisa."

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, wamejikinga mvua kwa masufuria na majani ya mgomba. Walisikia. Bi Mize alikuwa miongoni mwao. Mwashi mmoja, yuleyule aliyebomoleshwa ngazi zamani, akataka kumwokoa mzee na aibu. Akasema, "Fundi, kosa si lako. Mawe ya Bondeni siku hizi yameharibika, hayana uaminifu. Na huyo kijana naye ni jiwe la Bondeni tu." Watu wakaanza kuguna wakikubali, wakayalaani mawe, wakamlaani Hilali, wakalaani na mjomba wake.

Fundi Mwinyikai aliinua mkono. Alikuwa amelowa mpaka ndevu zimegandana, anakohoa, na machozi yanamtoka wazi mbele ya watu.

"Msililaani jiwe," akasema. "Jiwe halikuja kwangu kunibembeleza. Lilikuwa hivyo tangu Mungu alipoliumba, laini, la kuchomwa, na Bi Mize alinieleza. Mimi ndiye niliyelitaka liwe jingine kabla ya Shaabani. Niliogopa kufa. Kwa kuogopa kufa nusura nimwue mwanangu." Akafuta uso. "Mchagua jiwe kiangazi hulijua masika. Ndiyo hivyo tu. Kosa halimo ndani ya jiwe, limo kwenye siku niliyolichagulia."

Hayo ndiyo maneno yenyewe, na hapo ndipo yaliposemwa kwanza, mlangoni, mvua ikinyesha.

Alfajiri iliyofuata Fundi aliubandua uso wote. Hakungoja kiangazi. Majirani walisaidia kuegemeza kuta na kutandika makuti mapya pale maji yalipopenya. Mawe yale Bi Mize aliyapeleka tanurini kwa mkokoteni uleule, na safari hii hakusema neno, ingawa watu walimwona jinsi alivyojizuia. Nyumba ya Mwanashehe ikabaki uchi. Ilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi, barabarani, kila mtu akipita akiitazama, na Fundi akipita mbele yake kila siku kwenda Mlimani kuchonga jiwe moja. Kila siku jiwe moja. Mnajua taabu aliyoipata mtu yule asiyejua kutulia? Mikono ilimwasha. Kulikuwa na siku alifika uwanjani akayahesabu, akarudi njiani, akageuka akayahesabu tena. Watu walimshauri afunike kuta kwa chokaa walau aibu ipungue. Akakataa. Aliona hiyo nayo ni haraka.

Mvua zikakatika, na Hilali akarudi kama alivyoahidi. Alikuja na halua, na doti mbili za kanga, na maneno yake yote mazuri yakiwa kamili, hata moja halikuwa limelowa. Mwanashehe alimpokea vizuri, akamkalisha nje kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, maana baraza halikuwepo.

"Mke wangu, nimekukumbuka sana," Hilali akasema. "Sanduku niliingize wapi?"

"Usiliingize bado," Mwanashehe akajibu. "Baba ameyapanga mawe yake uwanjani yanyeshewe. Hakuna litakaloingia nyumba hii kabla halijalala masika. Nawe vivyo hivyo, mume wangu. Talaka sikuombi, wala mlango sikufungii. Masika ijayo mvua ikinyesha, njoo. Siku yoyote utakayoipenda. Nitakufungulia kabla hujabisha, na sitalisema tena la mwaka huu."

Hilali alicheka, akidhani ni maringo ya wanawake. Alipoona hachekewi, aliapa kwa Mungu na Mtume kwamba atakuja mvua ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Aliapa vizuri sana.

Kiangazi chote Mwanashehe aliishi katika nyumba ile isiyo na uso, akishona kofia. Hakumsema mumewe vibaya, wala hakuruhusu asemwe. Baba yake alimwona akinunua mafuta ya taa zaidi ya mahitaji yake, akajua anaweka akiba ili masika mtu atakayefika amelowa akute mwanga. Jambo hilo lilimuumiza Fundi kuliko kikohozi.

Na kikohozi chenyewe je? Naona mmoja wenu anataka kuuliza kama alikufa. Alikufa, nani hafi? Lakini alikufa miaka kumi na mmoja baadaye, kwa homa. Kikohozi kilichomtia mbio kikakaa naye kama mpangaji, hakihami wala hakiongezi kodi. Masika kumi na moja alizipata baada ya ile aliyokataa kuingoja.

Masika ikaja. Ilikuwa kali kuliko ya mwaka uliotangulia, njia ya Bandarini ikawa matope hadi magotini, lakini haikukatika. Muuza samaki aliipita kila siku na kapu kichwani. Wazee waliipita kwenda mazishini. Mwanashehe aliweka taa dirishani wiki ya kwanza. Kila mvua iliposhika nguvu aliinuka akaenda mlangoni, akarudi. Wiki ya pili, ya tatu. Fundi alikuwa akija kutazama kama paa linashika, lakini ukweli ni kwamba alikuja kumtazama mtoto wake. Wiki ya sita mafuta yakaisha.

Siku moja, katikati ya wiki ya saba, mawingu yalifunguka. Jua likawaka tangu asubuhi, njia ikakauka juu, watu wakaanika nguo na magodoro. Saa nne, Hilali akatokea. Amevaa kanzu nyeupe, viatu vyeupe, halua mkononi, hana tone la tope.

Mwanashehe alikuwa mlangoni na baba yake. Alimtazama mumewe kuanzia viatu, akapanda taratibu hadi usoni.

"Nimekuja," Hilali akasema. "Masika si hii? Nimetimiza."

"Umekuja," Mwanashehe akasema. "Ulikuwa ukingoja nini?"

"Nilingoja mvua ikate kidogo," akajibu, kwa uzuri kabisa, bila kuona alichokisema.

Mwanashehe alicheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa mlango, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha kikaisha. Hakumtukana. Alimshukuru kwa halua, akamwomba talaka yake kwa sauti ya kawaida, mbele ya baba, na Hilali akaitoa siku ileile kwa sababu hakupenda magomvi.

Mjomba mmoja wa upande wa Fundi alianza kufoka kuhusu kijana yule, kwamba ni hivi na ni vile. Fundi Mwinyikai akamnyamazisha. "Mwache aende zake. Yeye hajabadilika tangu siku ile ya kahawa. Mimi ndiye niliyemchagua juani."

Mvua zilipokatika, mawe ya Mlimani yalikaguliwa uwanjani. Fundi aliyagonga mbele ya waashi wote, lakini kabla ya kugonga aliyamwagia maji kila moja hadi likashiba. Mengine hayakulia, akayaweka kando. Yaliyolia aliyajenga kwa mkono wake mwenyewe kwenye nyumba ya binti yake, na chokaa iliyoyashika ilitoka kwenye tanuri la Bi Mize. Mawe yenyewe yalikuwa na vitundu na vipande vya kombe, rangi yake ya mchanga ilififia huku na huku, na wapita njia hawakusimama kuyashangaa.

Kwa hiyo kesho mama yenu mkubwa akirudi kwa yule muuzaji na ndoo ya maji, msimcheke. Na msiitumie tena methali hii kumsema rafiki aliyewakimbia, au mume wa jirani, au mawe ya watu. Haimsemi aliyechaguliwa. Inamsema yule aliyesimama juani, amejaa hofu au tamaa, akagonga mara moja, akasikia alichotaka kusikia. Mchagua jiwe kiangazi hulijua masika.